Mpiga Picha wa Eastleigh na Watu Aliokutana Nao

Siku hizi kamera si chombo cha matajiri tena. Katika Mukuru kwa Njenga, mtaa wa nyumba za mabati ulio karibu na Eneo la Viwanda la Nairobi, vijana wengi huchukua simu mfukoni, na ndani ya simu mna kamera. Kwa sababu hiyo watu wengi hudhani kuwa kupiga picha ni kazi nyepesi: mtu huinua mkono, hugusa kioo, na mambo yamekwisha. Maisha ya marehemu Bwana Mohamed Amin, mzaliwa wa Eastleigh, yanaonyesha kuwa sivyo. Eastleigh na Mukuru kwa Njenga zote zimo katika upande wa Mashariki wa mji wa Nairobi, na kwa hiyo habari zake zinawahusu sana vijana wa upande huo.

KAMERA YA SHILINGI 40

Bwana Mohamed alizaliwa Agosti 1943. Baba yake alikuwa mtu wa Punjab aliyekuja Afrika ya Mashariki, akawa mtumishi wa Reli. Mwaka 1952 jamaa hiyo ilihamia Dar es Salaam, na huko kijana huyo, akiwa bado mwanafunzi, alinunua kamera kuukuu ya aina ya Box Brownie kwa shilingi 40.

Kamera hiyo ilikuwa sanduku tu, lenye kioo kidogo mbele. Haikuweza kukivuta kitu kilicho mbali kikaonekana kuwa karibu, na kwa kawaida ukanda mmoja wa filamu ulitoa picha 8 basi. Mtu mwenye kamera ya namna hiyo hana budi kutembea kwa miguu yake mpaka amfikie yule anayemtaka, tena hana budi kufikiri kabla ya kubonyeza, maana kila picha ni fedha. Hivyo udhaifu wa chombo huweza kuwa mwalimu wa mwenye chombo. Baadaye Bwana Mohamed alipata kamera za thamani kubwa, lakini mtu akizitazama picha zake ataona jambo moja katika nyingi ya hizo, nalo ni kwamba mpiga picha alisimama karibu.

Mwaka 1963 alianzisha huko Dar es Salaam kampuni yake iitwayo Camerapix. Haukupita muda mrefu ila yakatokea Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964, naye akavuka bahari kwenda kuyapiga picha. Kazi hiyo ilimletea sifa, lakini ilimletea na mashaka pia. Mwaka 1966 alitiwa gerezani Unguja kwa muda wa karibu mwezi mmoja, kisha akaondoshwa, akarudi Nairobi. Mtu mwingine angeuza kamera zake akatafuta kazi ya dukani. Yeye aliendelea.

WAKUBWA NA WADOGO

Jumamosi tarehe 5 Julai 1969, Bwana Tom Mboya, Waziri wa Kenya, alipigwa risasi mbele ya duka la dawa katika Government Road, barabara ambayo leo huitwa Moi Avenue. Bwana Mohamed alifika upesi, akapiga picha za watu waliokuwa wakijitahidi kuyaokoa maisha ya Waziri huyo. Hapana shaka kuwa ni vigumu kuinua kamera mbele ya mtu anayekata roho. Lakini kwa picha zile, watu ambao hawakuwapo siku hiyo wameweza kuona jinsi Kenya ilivyopatwa na msiba.

Alikutana pia na Idi Amin wa Uganda, ambaye hakuwa ndugu yake ingawa majina yao yalifanana. Idi Amin alipinduliwa Aprili 1979, akakimbia nchi. Mwaka uliofuata Bwana Mohamed pamoja na Bwana Brian Barron wa BBC walimkuta Jeddah, katika Saudi Arabia, wakamhoji mbele ya kamera. Yule aliyewatisha watu wengi alionekana sasa kuwa mgeni tu katika nchi ya watu.

Walakini, si wakubwa peke yao waliompendeza. Mwaka 1978 kilitoka kitabu chake cha picha za Hija ya Makka, safari ambayo yeye, kwa kuwa ni Mwislamu, aliweza kuipiga picha kutoka ndani. Mwaka 1981 kilitoka kitabu juu ya Ziwa Turkana na watu wakaao kando yake. Mwaka 1982 alitoa picha za kitabu juu ya kifaru, mnyama aliyekuwa akimalizwa na majangili kwa ajili ya pembe yake. Mwaka 1986 akashiriki katika kitabu juu ya Reli ya Afrika ya Mashariki, ile ile iliyompa baba yake riziki. Na mwaka 1987 kikafuata kitabu juu ya Wamasai. Katika kazi nyingi za namna hiyo alishirikiana na mpiga picha mwenzake, Bwana Duncan Willetts.

NJAA YA KOREM

Jambo lililolifikisha jina lake pande zote za dunia lilitokea Oktoba 1984. Katika sehemu za kaskazini za Ethiopia mvua ilikuwa imekosekana, na vita vilikuwa vikipiganwa kati ya serikali na waasi wa Tigray na Eritrea. Idara ya misaada ya Ethiopia yenyewe ilikuwa imewaomba wafadhili chakula tangu Machi mwaka ule. Barua ziliandikwa, hesabu zikatolewa, lakini msaada uliokuja ulikuwa mdogo sana.

Bwana Mohamed alifika Korem pamoja na Bwana Michael Buerk wa BBC. Walikuta watu wapatao 40,000 wamekusanyika katika baridi ya mlimani, wakingoja chakula ambacho hakikuwako cha kuwatosha. Kamera ilipita polepole mbele ya nyuso zao, nao wakaitazama. Picha zilionyeshwa London tarehe 23 Oktoba 1984, kisha stesheni za televisheni za nchi nyingine zikazionyesha, zikaonwa na mamilioni ya watu.

Matokeo yake yalikuwa makubwa. Kabla mwaka haujaisha waimbaji wa Uingereza walitoa wimbo wa kuchanga fedha. Waimbaji wa Marekani wakafuata mwaka 1985. Na tarehe 13 Julai 1985 yakafanywa matamasha mawili kwa siku moja, London na Philadelphia. Chakula kikaletwa kwa meli na kwa ndege. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Wako watu waliopona kwa sababu mgeni mwenye kamera alifika Korem, ijapokuwa wengine, mamia ya maelfu, walikufa katika njaa hiyo.

Hata hivyo yafaa kusema kuwa picha ina mpaka wake. Mtazamaji aliyeketi kwake London aliona njaa; hakuona vizuri vita vilivyoizidisha njaa hiyo, wala jinsi chakula kilivyoweza kuzuiwa kisifike katika sehemu za waasi. Wengi walidhani kuwa mvua peke yake ndiyo yenye lawama. Picha humwamsha mtu. Lakini akisha kuamka, imempasa kuuliza sababu.

MKONO ULIOPOTEA

Desturi ya kusimama karibu ilimgharimu sana. Juni 1991, huko Addis Ababa, ghala la silaha lililipuka wakati yeye na wenzake wakiwa kazini. Mwenzake aliyekuwa akichukua sauti, Bwana John Mathai, aliuawa, na Bwana Mohamed akapoteza mkono wake wa kushoto. Kwa mpiga picha, kukosa mkono ni kama seremala kukosa msumeno. Lakini alitengenezewa mkono wa bandia, akajifunza upya namna ya kuishika kamera, akarudi kazini.

Tarehe 23 Novemba 1996 alipanda ndege ya Ethiopia kutoka Addis Ababa kuja Nairobi. Watu watatu wakaiteka wakiwa angani. Mafuta yalikwisha, ndege ikaanguka baharini karibu na visiwa vya Komoro, na katika watu 175 waliokuwamo, 125 walikufa. Bwana Mohamed alikuwa mmoja wao, pamoja na mwandishi mwenzake, Bwana Brian Tetley. Baadhi ya walionusurika walisimulia kwamba alisimama akabishana na watekaji hao.

FUNZO KWA VIJANA

Sasa na tuwatazame tena vijana wa Mukuru kwa Njenga. Mwaka 2021 nyumba nyingi za mtaa huo zilibomolewa ili kupitisha barabara, na maelfu ya watu wakalala nje. Picha za mabati yaliyopondwa na za watoto wakilinda magodoro ziliwafikia watu ambao hawajapata kukanyaga mtaa huo. Basi kijana mwenye simu ana chombo bora kupita sanduku la shilingi 40, na habari kubwa huweza kumjia mlangoni pake.

Lakini chombo hakitoshi. Anayetaka kuifuata kazi hii lazima kwanza amwendee mtu, amwamkie, aulize jina lake, na apate ridhaa yake kila inapowezekana. Maana mwenye shida si kitu cha kutazamwa tu. Kisha aulize shida hiyo imetoka wapi, ayaandike majibu pamoja na tarehe na mahali. Picha isiyo na maelezo hayo husahauliwa upesi, au hutumiwa na wengine kusema uongo. Picha yenye maelezo ya kweli ni ushahidi, na huweza kumsemea mtu ambaye barua zake hazikujibiwa.