Kisangani: Kuchezesha paka na kobaye hakuombi feza nyingi

Watoto wa Kapalata, mjini Kisangani, kama wenzao wa kila pembe ya Congo, wanajua kutengeneza gari kwa kopo la sardini na mpira kwa mifuko ya plastiki iliyokazwa kamba. Ujuzi huo unaweza kuwafaa pia wanyama wanaoishi nao: paka anayelinda mchele, na kobaye ambao familia kadhaa hufuga kwa ajili ya nyama. Wengi hudhani mnyama akishakula hana haja nyingine. Lakini paka asiye na la kufanya hurarua mkeka na kukwaruza watoto, na kobaye aliyefungiwa peke yake hujikunja pembeni.

Ulaya kuna watu wanaofuga nyumbani mnyama mrefu, mwembamba, anayeitwa fureti, wa ukoo mmoja na kicheche wetu. Kwa karne nyingi wawindaji walimwingiza mashimoni ili afukuze sungura, na mpaka leo hakuna tundu analolipita bila kuchungulia. Wanaomfuga humpa bomba, mguu wa suruali kuukuu, au beseni la mchele mkavu achimbe humo. Hilo la mchele mama wa nyumba wa Kisangani hatalikubali, na ana haki. Lile la njia ya kupita chini kwa chini tunaweza kulichukua.

Kwa kobaye, chukua katoni ya sabuni, uigeuze chini juu, ukate milango miwili. Miwili, si mmoja: wakifukuzana, mnyonge apate pa kutokea. Kipande cha bomba la plastiki kilichoachwa na fundi kinafaa pia, mradi kiwe kipana, maana jike mwenye mimba akikwama humo ni hasara. Majani mabichi yasokote ndani ya karatasi ili wayatafute wenyewe. Hapo wanacheza na kula kwa wakati mmoja. Karatasi ya mfuko wa sementi usiiguse, vumbi yake inachoma macho na mapafu. Kwa unyevu wa mji wetu katoni italowa baada ya siku chache: itoe, uweke nyingine. Na yote yakae kivulini, kwani kobaye havumilii joto kali.

Paka ana mambo yake. Kwake kucheza ni kuwinda. Jaza vitambaa ndani ya soksi iliyotoboka, uifunge kwa kamba kwenye fimbo, uikokote chini taratibu kama panya anayejificha nyuma ya sufuria. Simama, kisha ikimbize. Dakika kumi za jioni zinatosha, na mwishoni mwachie aikamate, umpe kipande cha samaki. Kisha ondoa kamba na kuificha. Paka akimeza uzi, unaweza kukaza matumbo hadi kuyakata, na upasuaji wa paka si jambo la kupatikana kila mtaa. Vilevile vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli za toleka, ambavyo watu hufungia kila kitu: mnyama anayetafuna akivimeza, vinaziba tumbo.

Mkono wa mtoto usiwe mchezo wa paka. Akizoea kuuma vidole akiwa mdogo, ataviuma akiwa mkubwa, na ugonjwa wa kichaa cha mbwa hupitia paka pia. Aliyeumwa aoshe kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama kidonda ni kidogo.

Linabaki swali la wanyama wa porini: makako aliyefungwa kamba kiunoni, kasuku ndani ya kizimba, kindi ambaye mtoto amepewa achezee. Sheria 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 inalinda wanyama wa asili, na biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu waliokamatwa porini imekatazwa tangu 2017. Lakini hata bila sheria kuna hatari. Mwaka 2003, Marekani, watu walipata mpox kutoka kwa wanyama wadogo wa kufugwa waliowekwa pamoja na panya wa porini walioletwa kutoka Ghana. Tshopo ni jimbo la msitu, na mpox si habari ya mbali kwetu. Mtoto akirudi na kindi hai kutoka shambani, amrudishe mahali alipomtoa, anawe mikono kwa sabuni, na apewe ile katoni atoboe milango.