Fedha na Pingu katika Kabati Moja

Mwaka 1992 Jumuiya ya Historia ya Maryland, mjini Baltimore, Marekani, ilimfungulia msanii Fred Wilson ghala zake. Hakuchonga sanamu mpya. Alivipanga upya vitu vilivyokuwa vimehifadhiwa humo miaka mingi. Katika sanaa ya namna hii, kazi ya msanii ni chumba chenyewe na jinsi vitu vilivyowekwa ndani yake.

Tutoe mifano miwili. Penye chumba kimoja paliwekwa sanamu tatu za vichwa na mabega, juu ya vidato vyeupe: Napoleon, Henry Clay na Andrew Jackson. Hakuna hata mmoja aliyekuwa mtu wa Maryland. Kando yake palikuwa na vidato vitatu vyeusi, vitupu, vyenye majina ya Harriet Tubman, Frederick Douglass na Benjamin Banneker. Wote watatu walizaliwa Maryland; wawili wa kwanza walizaliwa utumwani, na wa tatu alikuwa mtaalamu wa falaki.

Mfano wa pili ni kabati la vioo lenye vyombo vya fedha vilivyonakshiwa, na katikati yake pingu za chuma za watumwa. Kibandiko kilisema tu kwamba hizo ni kazi za madini za 1793 hadi 1880. Mtazamaji aliachiwa mwenyewe kuona kwamba fedha na pingu zilitoka katika jamii moja.

Jambo hili latuhusu. Katika nyumba zetu za Muscat, Dubai au London tumeweka majambia, madele ya kahawa, picha na shajara za nasaba. Tunamjua mwenye jambia. Aliyelisugua dele hatumtaji. Unguja soko la watumwa lilifungwa 1873, na utumwa ukaondolewa kisheria 1897, lakini masuria waliachwa nje ya sheria hiyo hadi 1909. Wengi wao walikuwa mama wa babu zetu. Watoto walifuata nasaba ya baba, na jina la mama halikuandikwa.

Wako wazee wanaosema kuligusa jambo hili ni kuwapa silaha waliotulaumu sote tangu 1964. Hofu hiyo ina sababu. Lakini tukinyamaza, wengine watatusimulia, na bibi zetu watabaki nje ya shajara. Doha tayari ina Nyumba ya Bin Jelmood, makumbusho ya historia ya utumwa yaliyofunguliwa 2015. Na Mkunazini, Unguja, zimo shimoni sanamu za watumwa zilizochongwa na Clara Sörnäs, zimefungwa minyororo shingoni.

Basi tunawaomba jamaa wanaotuletea amana zao: pamoja na jina la mwenye kitu, tuandikieni na la aliyekitengeneza, aliyekibeba na aliyekitunza. Pale jina lisipojulikana, liachieni nafasi yake wazi.