Kikohozi cha Baba, Ugonjwa wa Mtoto

Mtu mzima mwenye kifua kikuu cha mapafu hutema makohozi, na daktari hupata cha kupima. Mtoto mdogo huyameza. Kwa hiyo mama wa Itigi aweza kumfikisha mwanawe katika Hospitali ya Mtakatifu Gaspari, amekonda, ana homa na kikohozi kisichokoma, na bado ugonjwa ukawa mgumu kuthibitishwa. Hatuna budi kusema wazi: watoto walioandikwa katika madaftari ya hospitali si wote wanaougua. Duniani watoto zaidi ya milioni 1 hushikwa na ugonjwa huu kila mwaka, na wengi wao hawagunduliwi.

Njia za kuwaokoa zipo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri choo cha mtoto kipimwe, na asiyezidiwa atibiwe kwa miezi 4 badala ya 6. Nchini mwetu dawa hizo hutolewa bure. Chanjo ya BCG humkinga mtoto na kifua kikuu kikali, lakini haizuii kabisa kile cha mapafu.

Mara nyingi mtoto huambukizwa na mtu mzima wa nyumba yake. Basi, ndugu mfanyakazi, ukikohoa wiki 2, nenda ukapimwe. Na ukionekana unao, wapeleke watoto wote wa nyumbani. Nanyi mabalozi wa mashina, ulizeni nyumba kwa nyumba. Baba afichaye kikohozi chake humtwisha mwanawe mzigo asioujua.