Frontosa wa Kigoma na Faida Inayobaki Ng'ambo

Katika orodha za wauza samaki wa mapambo huko Ujerumani na Marekani, majina ya miji na vijiji vya Ziwa Tanganyika ndiyo yanayopanga bei. Kuna frontosa wa Kigoma, wa Kipili, wa Mpimbwe, na yule wa Moba upande wa Kongo, ambaye buluu yake humweka miongoni mwa wale wa ghali kabisa. Wa Kigoma hutambulikana kwa mistari saba myeusi, ilhali wa Burundi ana sita. Mnunuzi huenda asiikanyage Kipili maishani mwake, lakini anajua kwamba samaki wa mwamba huu si sawa na wa mwamba ule, na yuko radhi kuilipia tofauti hiyo.

Frontosa ni wa jamii moja na sato na perege. Hukua hadi kupita sentimita 30, na dume akikomaa huota nundu kubwa kwenye paji la uso. Anaonekana mpole kwa kuwa huogelea taratibu, ila gizagiza la alfajiri ndiyo saa yake ya kumeza samaki wadogo. Madume wawili wakiwekwa pamoja mahali finyu, mmoja hukosa pa kujificha, huacha kula na hatimaye hufa. Petrochromis, jamaa yake anayekula mwani wa mawe, ni mkorofi zaidi. Wafugaji wengi wenye uzoefu humwogopa. Kuhe, mkubwa kuliko wote wa jamii hii, anayefikia sentimita 80 hivi, karibu hafugiki nyumbani kabisa.

Ukali huo ndio unaoendesha biashara. Ili dume mmoja aishi na majike wanne au watano bila kuwaua, anahitaji tangi la kioo la lita 500 au zaidi. Maji peke yake yana uzito wa nusu tani, kabla hujaongeza mawe, kioo na meza ya chuma ya kubebea. Samaki wakubwa hula sana na kuchafua sana, kwa hiyo pampu na chujio lazima viwe vikubwa. Vikizidiwa, amonia hupanda na tangi zima linaweza kufa kwa usiku mmoja. Halafu maji yenyewe. Ya Tanganyika yana chumvichumvi za madini, pH yake inakaribia 9, na joto lake ni nyuzi 25 hivi. Mfugaji wa Ulaya ambaye bomba lake linatoa maji laini hununua madini ya kuchanganya, na majira ya baridi hulipia umeme wa hita usiku na mchana. Muuza samaki hulipwa mara moja. Muuza vifaa, chakula na madini hulipwa mwaka baada ya mwaka, na kwa maoni yangu hapo ndipo penye fedha nene ya biashara hii.

Biashara ya kuwasafirisha samaki wa Tanganyika ilipata nguvu mwanzoni mwa miaka ya 1970, Mbelgiji Pierre Brichard alipoanzisha kituo chake nchini Burundi. Kazi ya msingi haijabadilika sana tangu hapo. Wapiga mbizi huwafuata samaki kwenye miamba kwa nyavu. Frontosa huishi chini sana, mara nyingi mita 20 na kuendelea, hivyo hawezi kuvutwa juu kwa mkupuo: kibofu chake cha hewa kitavimba na kumuua. Hupandishwa hatua kwa hatua, akipumzishwa kwenye vizimba njiani. Mpiga mbizi naye hukabiliwa na hatari inayofanana na hiyo akipanda haraka, na ujira anaopewa haulingani na hatari hiyo.

Kisha mzigo hupanda ndege. Samaki huachwa bila chakula siku moja au mbili ili wasichafue maji, hutiwa kwenye mifuko ya plastiki yenye oksijeni, na mifuko hupangwa ndani ya maboksi yanayohifadhi joto. Samaki wadogo wapole hujazana mfuko mmoja. Frontosa mkubwa hutaka mfuko wake mwenyewe, na ndege hutoza maji sawa na inavyotoza samaki. Nauli inaweza kuipita bei aliyolipwa aliyemvua.

Kinachoniuma ni hiki: samaki huyu huzaliana vizuri akifugwa. Jike huatamia mayai na watoto mdomoni kwa mwezi mmoja au zaidi, na watoto hutoka wakiwa wameshapata nguvu. Wafugaji wa Ucheki, wa Florida na wa Asia ya Kusini-Mashariki huwazalisha na kuuza watoto kwa majina ya vijiji vyetu, wakiongeza alama ya F1 kuonyesha kwamba wazazi walitoka ziwani. Ziwa lenyewe huuza mzazi mara moja tu. Tena samaki wengi wa miamba hii hawavuki mchanga wala kina kirefu. Mwamba ukimalizwa, hakuna wa kuja kujaza nafasi.

Kigoma ingeweza kuwa mzalishaji. Maji yenye pH na joto sahihi, ambayo Mzungu huyatengeneza kwa gharama, pale huvutwa kwa pampu kutoka ufukweni. Mbegu halisi ya kila mwamba ipo karibu, na watafiti wa TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi ya Tanzania, wana kituo mjini humohumo. Mtoto wa sentimita sita hivi, aliyezaliwa kwenye tangi, hahitaji mpiga mbizi, na wengi wanaenea kwenye boksi moja, kwa hiyo hata nauli inashuka.

Kikwazo kikubwa ni muda. Frontosa huchukua miaka mitatu au minne kabla ya kuanza kuzaa vizuri, na kwa miaka yote hiyo atahitaji chakula, umeme wa kuaminika na jenereta ya akiba. Mkopo ambao marejesho yake huanza mwezi unaofuata haumfai mfugaji wa aina hii. Anayeweza kuanza kesho ni yule ambaye tayari anavua na kusafirisha, akitenga majike wachache kutoka kila mzigo na kuwalisha kwa fedha ya mauzo ya wengine.