Maji ya Hola na Daftari la Thompson: Nani Msimulizi, Nani Mlaumiwa? (Sehemu ya Tatu)

Tangu Ngũgĩ wa Thiong'o alipofariki Mei 28, 2025, mazungumzo juu ya riwaya yake A Grain of Wheat (1967) huanza na Mugo na kuishia kwa Mugo, msaliti aliyedhaniwa shujaa. Sehemu iliyopita ilikwisha kumchambua. Anayeachwa huru mno ni John Thompson, ofisa wa kikoloni.

Thompson ana daftari la kitabu anachotaka kukiita Prospero in Africa. Linaanza na ndoto ya dola lenye utu, kisha linadai fimbo. Mahabusu 11 wanakufa kwa kipigo katika kambi yake ya Rira, lakini yeye hujiona ndiye aliyeonewa, maana alipoteza cheo.

Idadi hiyo si ya kubuni. Machi 3, 1959, katika kambi ya Hola nchini Kenya, mahabusu wa Mau Mau waliogoma kufanya kazi walipelekwa kwa nguvu kuchimba mfereji, kwa mpango uliotokana na mapendekezo ya John Cowan wa idara ya magereza. Askari waliwapiga marungu na watu 11 wakafa. Taarifa ya kwanza ya serikali ilisema vifo vilitokea baada ya watu hao kunywa maji ya gari la maji. Sentensi ile haikuwa na askari, rungu wala amri. Uchunguzi wa maiti ulipofichua majeraha, hoja ilifika Bunge la Uingereza, ambako Julai Enoch Powell, mhafidhina asiyetarajiwa, aliikemea serikali ya chama chake. Hata hivyo hakuna aliyeshtakiwa kwa mauaji.

Ngũgĩ hamjibu Thompson kwa hotuba. Anamwachia daftari lake, ajishtaki mwenyewe. Upande wa pili anaweka sauti ya kijiji, inayojisemea "sisi", na kila mtu humo ana doa: Karanja, Gikonyo, Mugo anayeungama siku ya Uhuru. Wahakiki wanaosema basi wote wana hatia sawa wanasoma kivivu. Mugo anaungama hadharani, Thompson anapanda ndege. Toleo la 1986 lilikiondoa kisa cha Dkt. Lynd, mwanamke Mzungu, kubakwa na mpiganaji wa msituni, na kwa haki, kwani kilirudia hofu iliyopendwa na masetla.

Kama taarifa ile ya Hola, historia ya Uasin Gishu pia ilisimuliwa kwa kufuta watu. Makaburu waliofika mwaka 1908 waliihesabu nyika tupu, mashimo ya Sirikwa, alama za wakazi wa kale, yakiwa mbele ya macho yao. Mji wake wa Eldoret ulipowaka mapema 2008 katika ghasia za baada ya uchaguzi, lawama zilibandikwa makabila mazima. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia hizo, iliweka badala yake majina ya watu katika bahasha iliyofungwa.