Kompyuta ndogo ikikataa kuwaka, usikubali kadi ifutwe

JUMAPILI moja jioni mnamo Machi 2023, mpwa wangu, mwalimu wa hisabati katika shule moja ya upili, alinipigia simu huku sauti ikimtetemeka. Kompyuta ndogo iliyohifadhi alama za wanafunzi wake wa kidato cha tatu, pamoja na mamia ya vitabu vya kusomea, ilikuwa imegoma baada ya stima kupotea mchana huo.

Alikuwa amechomoa kadi ya kumbukumbu na kuichomeka katika kipakatalishi cha ofisi ya walimu. Papo hapo Windows ikamwarifu kwamba ni sharti kadi hiyo ifomatiwe kabla ya kutumika.

“Mjomba, nibonyeze ndiyo?” akaniuliza.

Nilimsihi asiguse chochote. Laiti angebonyeza, alama za mihula kadhaa zingekuwa hatarini kwa kosa ambalo halikuwa kosa hata kidogo. Kadi nzima, isiyo na dosari yoyote, ingemletea ujumbe uo huo.

Mtambo ninaouzungumzia ni Raspberry Pi, bodi moja tupu yenye ukubwa unaokaribia ule wa kadi ya benki. Ilianza kuuzwa nchini Uingereza Februari 29, 2012, na waliokuwa nyuma yake, akiwemo mhandisi Eben Upton wa Cambridge, walitaka vijana wapate chombo cha bei nafuu cha kujifunzia kuandika programu. Bei ya awali ilikuwa dola 35 za Marekani. Ili kufikia bei hiyo waliacha mengi, na mojawapo ni diski. Kila kitu, kuanzia mfumo wa uendeshaji hadi faili zako, hukaa katika kadi ile ile ndogo tunayoitia katika rununu na kamera.

Kadi hiyo hugawanywa sehemu mbili. Ya kwanza ni ndogo na imepangwa kwa utaratibu uitwao FAT, ambao karibu kila kompyuta huuelewa. Humo mna faili za kuiamshia bodi. Sehemu ya pili, iliyo kubwa zaidi, imepangwa kwa utaratibu wa Linux uitwao ext4, na ndiyo iliyobeba kazi ya mwalimu. Windows haiufahamu utaratibu huo wa pili bila kusaidiwa. Ikiutazama, huona mahali pasipoeleweka na kudhani pana haja ya kupangwa upya. Mfano wake ni mtu asiyejua kusoma Kiarabu anayeshauri kitabu kichomwe kwa kuwa kurasa zake zina michoro tu.

Jibu la swali hilo, basi, ni hapana. Funga dirisha hilo, toa kadi, kisha uanze kuchunguza kwa utaratibu.

Uchunguzi wenyewe huanzia kwenye taa. Bodi nyingi za aina hii zina taa mbili: nyekundu huonyesha kwamba umeme umefika, na ya kijani humeta kila kadi inaposomwa. Raspberry Pi 5, iliyotoka mwaka wa 2023, ina taa moja tu inayobadili rangi.

Ikiwa hakuna taa yoyote, usiisumbue kadi. Tafuta hitilafu katika umeme. Ikiwa nyekundu imewaka lakini ya kijani haijameta hata mara moja, bodi ina umeme ila haijapata cha kusoma. Huenda kadi haikuingia sawasawa, haikuandaliwa ipasavyo, au imekufa.

Ajabu moja ya bodi za vizazi vya kwanza ni kwamba anayeamka kwanza si bongo kuu la kompyuta bali ile sehemu inayoshughulikia picha. Yeye ndiye anayeifungua kadi, akasoma faili iitwayo bootcode.bin, kisha start.elf, na hatimaye kulipakia tumbo la mfumo lenyewe. Bongo kuu hulala muda huo wote. Kuanzia Raspberry Pi 4 ya mwaka wa 2019, hatua ya kwanza ilihamishiwa katika kumbukumbu iliyo ndani ya bodi yenyewe, lakini mwendo uliosalia haukubadilika sana.

Safari hiyo ikikatika njiani, taa ya kijani hutoa ishara ambazo mtu anaweza kuzihesabu. Ikimeta mara 4 na kutua, kisha ikarudia, maana yake ni kwamba faili ya start.elf haikupatikana. Mara 7 ni kwamba tumbo la mfumo halipo. Mara 8 ni hitilafu ya kumbukumbu ya bodi yenyewe, na hapo ndipo mtu ana haki ya kuishuku bodi. Mimeto 2 mirefu ikifuatwa na mmoja mfupi ni kusema kwamba sehemu ya kwanza ya kadi haikupangwa kwa FAT.

Kabla ya kuhesabu mimeto, hata hivyo, chunguza chaja. Watu wengi hutumia chaja yoyote ya simu waliyo nayo, wakidhani kwamba maadamu ncha inaingia, kazi imekwisha. Raspberry Pi 3 huhitaji chaja ya ampea 2.5, ya 4 huhitaji ampea 3, na ya 5 ilitengenezewa chaja ya ampea 5. Chaja ya simu ya kale hutoa ampea moja tu. Tena kuna waya mwembamba, adui asiyeshukiwa, ambao hunyonya nguvu njiani hata chaja ikiwa nzuri.

Umeme unaofika ukishuka chini ya volti 4.63, taa nyekundu ya bodi nyingi hufifia au kuzimika, na alama ya radi huonekana pembeni mwa skrini. Bodi yaweza kuanza vizuri, kisha ikaanguka pindi unapochomeka diski ya nje au kicharazio. Mwenyewe hulaumu kadi, hununua nyingine, na tatizo likarudi siku ya pili.

Skrini nayo hudanganya. Raspberry Pi 4 ina matundu mawili ya kupeleka picha kwenye runinga, na lililo karibu na tundu la umeme ndilo la kutumia kwanza. Nimemwona mtu akitangaza kifo cha bodi iliyokuwa ikifanya kazi bila wasiwasi, taa ya kijani ikicheza, huku waya wake ukiwa katika tundu la pili.

Kwa kadi mpya, kosa la kawaida ni la maandalizi. Mtu hupakua faili ya mfumo kutoka mtandaoni na kuinakili katika kadi kama anavyonakili wimbo. Haiwezi kuamsha kitu. Faili hiyo ni taswira ya kadi nzima, na lazima iandikwe kwa programu maalumu kama Raspberry Pi Imager, ambayo imekuwapo tangu 2020 na hutolewa bila malipo. Kadi za zaidi ya gigabaiti 32 huuzwa zikiwa zimepangwa kwa utaratibu wa exFAT ambao bodi haiwezi kuamkia. Programu hiyo hurekebisha hilo pia. Aidha, mfumo wa zamani ulioandikiwa Raspberry Pi 3 hautaiamsha Raspberry Pi 5, hata kadi iwe nzima kiasi gani.

Kuna pia kadi bandia. Zimechapishwa gigabaiti 64 ilhali ndani hazifiki hata robo ya kiasi hicho, na hukubali kila unachoandika hadi nafasi ya kweli inapojaa, kisha zikaanza kuharibu vilivyotangulia. Programu za H2testw na F3 huzifichua kwa kuijaza kadi na kuisoma tena. Fanya jaribio hilo siku unayoinunua, ingali tupu.

Turudi kwa mpwa wangu. Nilimwuliza anachoona kwenye runinga. Akasema taa zote mbili ziliwaka, maandishi meupe yakamiminika, kisha yakakwama kwenye mstari uliosema kwamba mfumo umeshindwa kuifungua sehemu ya pili ya kadi. Hiyo ilikuwa habari njema kuliko alivyojua. Maandishi yakitokea, umeme unatosha kuianzisha, bodi ni nzima, na sehemu ya kwanza ya kadi imesomeka. Hitilafu ilikuwa katika sehemu ya pili, na chanzo kilieleweka: stima ilipotea kompyuta ikiwa katikati ya kuandika.

Nilimtaka aweke kadi nyingine yenye mfumo mpya. Bodi ikawaka mara moja, na shaka yote kuihusu ikaondoka.

Kadi iliyougua aliifunga katika bahasha na kuituma Nairobi kwa matatu. Kijana mmoja wa teknohama ofisini mwetu aliichomeka katika kompyuta ya Linux, na jambo la kwanza alilofanya ni kuinakili yote, neno kwa neno, kwa programu iitwayo ddrescue. Programu hiyo husoma kwanza palipo pazima, kisha hurejelea palipoharibika mara kwa mara hadi ipate inachoweza kupata. Baada ya hapo akaikarabati nakala kwa programu ya fsck, bila kuigusa kadi yenyewe. Mpangilio huo una sababu yake: fsck hubadilisha kilichomo, na ikikosea juu ya kadi ya pekee, hakuna pa kurudi.

Vipande vichache tu havikusomeka. Alama zote zilikuwemo. Vitabu vitatu viliharibika, na hivyo vilipakuliwa upya.

Agosti 25, 2023, nchi nzima ilipoingia gizani, nilimpigia simu mapema asubuhi iliyofuata. Alikuwa amenunua betri ndogo ya kuipa kompyuta muda wa kuzimwa kwa amri, hadi taa ya kijani itulie, ndipo umeme ukatwe. Nakala ya alama huihamisha katika kifaa kingine kila Ijumaa. Kadi ya akiba, iliyokwisha kuandikwa mfumo na kujaribiwa, ameibandika kwa utepe ndani ya mfuniko wa kisanduku, na juu yake akaandika tarehe kwa kalamu nyekundu.