MAFURIKO YA NAMUWONGO: HASARA ISIYOANDIKWA

Ndugu wafanyakazi, mvua iliyoipiga Kampala Jumatano ya 26 Machi 2025 iliua watu wasiopungua 7. Picha zilizoenea baadaye zilikuwa za magari yaliyokwama na maduka yaliyojaa maji katikati ya mji. Sisi twataka kusema habari za Makindye, hasa bonde la Namuwongo, ambako hulala wengi wa wale wanaoamkia kazi katika eneo la viwanda.

Asiyepajua mahali hapo aelewe hivi. Mfereji wa Nakivubo huchukua maji ya mji, hupita kandokando ya viwanda, kisha huteremka chini ya Namuwongo kuelekea kwenye mafunjo na Ziwa Victoria. Upande wa juu kuna kilima cha Muyenga, chenye matangi ya maji ya mji na nyumba kubwa zilizozungukwa na saruji. Mvua haina pa kuzama huko, yote hushuka. Huku chini vyumba vimebanana kando ya reli, na maji ya kilima hukutana na maji ya mfereji mlangoni mwa mtu.

Ukaguzi wa hasara usiishie kwenye mabati na kuta. Vyoo vya shimo hufurika pamoja na mfereji, na godoro lililolowa maji hayo halianikwi, hutupwa. Kuna cherehani, sigiri, mkaa, vitabu vya watoto, vitambulisho. Na kibarua wa siku asiyefika langoni asubuhi hapati kitu, wala hasara hiyo haimo katika hesabu ya mtu yeyote.

Lakini liko jambo moja ambalo wakaguzi hulisahau, nalo ni njia. Wengi wetu huenda kazini kwa miguu, tukifuata reli na kuvuka mitaro juu ya mbao. Mtaro ukifurika, ubao hauonekani. Sasa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya Uganda inasema kwamba ajali impatayo mfanyakazi akiwa safarini moja kwa moja kwenda au kutoka kazini huhesabiwa kuwa ajali ya kazini. Akifa, jamaa waliomtegemea kwa kila kitu wanastahili fidia ya mishahara yake ya miezi 60. Hiyo si sadaka ya tajiri. Familia ngapi zimezika na kupokea unga na sukari tu, kwa kuwa hakuna aliyewaambia?

Anayedai ndiye anayetakiwa kuonyesha kwamba safari ilikuwa ya moja kwa moja. Kwa hiyo kamati ya tawi ikipita nyumba kwa nyumba baada ya mvua, iandike: alitoka saa ngapi, zamu yake ilianza saa ngapi, alivukia wapi, nani alimwona. Mwajiri apewe taarifa kwa maandishi upesi, mwezi usipite, na nakala ibaki kwenu. Hata aliyeteleza akavunjika mguu aandikwe, asikumbukwe aliyekufa peke yake.

Haya yanawahusu pia wenzetu wa mashamba ya miwa na chai, wanaovuka vijito alfajiri kabla ya kuitwa majina. Mvua za pili huanza Septemba. Daftari linunuliwe kabla.